Paramediki ni nani, na digrii yake ni ya nini

Juzi nilikuwa soko la Mwaloni pale Kirumba, hapa Mwanza, na baba mkubwa, anasubiri magunia yake ya dagaa yapakiwe, akaniuliza hivi, huyu mdogo wako anasema anataka kwenda chuo kikuu kusomea uparamediki, ndo nini hicho? Yaani miaka mitatu minne yote ya kupanda ambulensi? Nikaanza kumjibu palepale lakini kwa zile kelele za wapakiaji haikuwezekana, na nikaona swali lake ni la watu wengi, maana wengi wetu tukisikia ambulensi tunaona gari, king'ora na dereva, basi. Kwa hiyo naandika hapa taratibu, yeye atasomewa na wajukuu.

Paramediki ni mtu wa afya aliyesomea kumtibu mgonjwa wa dharura palepale alipoangukia, iwe barabarani, sokoni, chumbani kwake au ndani ya mtumbwi, na kuendelea kumtibu njia nzima mpaka amkabidhi hospitali. Neno la kushika hapo ni kutibu. Kubeba kupo ndani ya kazi, na hata kubeba kwenyewe kuna namna yake, lakini kama kazi ingekuwa kubeba tu basi Noah yoyote ingetosha.

Kabla sijaendelea, kuna neno jirani linalochanganya watu, nalo ni paramedikali. Hilo limekuwa likitumika kwa ujumla kwa kada za afya ambao sio madaktari, watu wa maabara, mionzi, na kadhalika. Para ni neno la Kigiriki, maana yake kando ya, yaani wanaofanya kazi kando ya daktari. Sasa ukiona chuo kimeandika paramedikali kwenye bango usikimbilie kulipa ada ukadhani unakwenda kuwa mtu wa dharura, soma jina la kozi yenyewe.

Niwaonyeshe kitu nilichokiona kwa macho yangu Igoma, maana ndicho kilichonifanya nimuunge mkono huyu mdogo wangu bila kufikiria mara mbili. Bodaboda iligongana na pikipiki nyingine jioni, kijana mmoja akawa amelala pembeni ya lami, paja limepinda mahali ambapo paja halipindi. Watu walikuwa wema sana, hilo niliseme, hakuna aliyekimbia. Mmoja akamshika makwapani, wawili wakamshika miguu, wakamnyanyua hivyohivyo kichwa kinaning'inia, mama mmoja akaleta maji kwenye jagi wakamwagia usoni na mengine wakamnywesha, akaingizwa kwenye bajaji amekunjwa kama nguo. Kila kitu pale kilifanywa kwa upendo na karibu kila kitu kilikuwa hatari. Paja likivunjika mtu anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani kwa ndani bila wewe kuona hata tone chini, na mfupa usiofungwa ukitikiswa unazidi kuchana nyama na mishipa. Shingo haikushikwa na mtu. Maji akiyatapika amelala chali yanakwenda kwenye mapafu, na kama anatakiwa kulazwa usingizi kwa operesheni hilo tumbo lenye maji linakuwa tatizo lingine kwa mtu wa usingizi. Paramediki angefika pale, kitu cha kwanza angetafuta damu inayomwagika kwa kasi, kisha njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, kisha fahamu, ndo anakuja kwenye lile paja ambalo sisi wote tulikuwa tunaliangalia. Angeweka dripu, angempa dawa ya maumivu ya nguvu, angelivuta na kulifunga paja, ndipo abebe.

Sasa hapo mtu atasema sawa, lakini hayo si anafundishwa miezi sita tu? Na kweli, kuna ngazi chini ya paramediki, kuna mtu wa huduma ya kwanza, kuna mhudumu wa dharura wa ngazi ya cheti anayejua kubana damu, kutoa oksijeni, kufunga mfupa na kukandamiza kifua moyo ukisimama, na hao ndio wanaookoa watu wengi duniani, wasidharauliwe hata kidogo. Paramediki anaongeza juu ya hapo dawa za mshipa, kusoma kipimo cha umeme wa moyo, kupitisha mrija wa hewa kooni, kutoboa kifua kwa sindano pale hewa inapokuwa imenaswa nje ya pafu inambana mtu mpaka anakufa. Lakini hata hayo, ukiyaangalia kama kazi ya mikono tu, unaweza kumfundisha mtu makini bila digrii. Digrii ipo kwa ajili ya kitu kingine.

Chukua mama muuza samaki sokoni Mabatini, tuseme, ghafla anaongea maneno hayaeleweki, jasho linamtiririka, anasukuma watu. Wapo watakaosema kalewa, wapo watakaosema majini. Paramediki kichwani mwake lazima yapite yote kwa pamoja: sukari kushuka, kiharusi, malaria ya kichwani, kifafa, kagongwa kichwa asubuhi akanyamaza, sumu, na pombe pia ipo kwenye foleni ila ya mwisho. Anamchoma kidole, mashine ya sukari inasoma 1.9 wakati inatakiwa iwe angalau 4. Anampa glukosi kwenye mshipa, baada ya dakika chache mama anafungua macho anauliza samaki wangu wako wapi. Watu wanapiga makofi, mama anasema nimepona niacheni nirudi kwenye biashara. Na hapa ndipo unapomtofautisha aliyesoma, kwa sababu anamuuliza, mama unatumia dawa gani ya sukari? Akisema glibenklamidi, kile kidonge cha asubuhi, basi harudi kwenye biashara, maana dawa hiyo inakaa mwilini masaa mengi inaendelea kuishusha sukari, atakula, atajisikia vizuri, na usiku itashuka tena akiwa amelala peke yake. Huyo lazima aende hospitali akaangaliwe, hata kama amesimama anacheka. Kuchoma kidole nilikwambia anafundishwa yeyote, lakini kujua kwamba aliyepona bado hajapona unahitaji uwe umesoma dawa inavyosafiri mwilini, figo zinavyoitoa, mgonjwa mzee anavyotofautiana na kijana, na uwe umeyasoma mpaka yatoke yenyewe saa nane usiku kwenye mvua, hakuna maabara, hakuna daktari wa kumgeukia, kuna begi na mwenzako mmoja.

Ndiyo maana kozi yenyewe inakwenda hivi, kwa nchi ambazo zimeshaiweka vizuri: mwaka wa kwanza unamezwa na anatomia, fiziolojia, namna ya kumpima na kumhoji mgonjwa, halafu yanakuja magonjwa, dawa, moyo, ajali, watoto, uzazi, afya ya akili, sheria na maadili. Katikati ya hayo unatupwa kwenye chumba cha mazoezi na mdoli wa mpira anayepumua na kutapika, mwalimu amesimama na saa mkononi, na baadaye fildi ndefu kwenye ambulensi halisi, wodini, thieta, chumba cha kujifungulia. Sio kozi ya kusoma usiku mmoja kabla ya mtihani, wanaokula sapu, yaani kurudia mtihani, ni wengi kwa sababu kuna mitihani ya mikono ambayo huwezi kukariri.

Uingereza tangu Septemba 2021 anayeanza kusomea uparamediki ili asajiliwe anatakiwa asome digrii, na jina lenyewe linalindwa na sheria, huwezi kujiita tu. Ukiwa huna leseni ya kuendesha magari makubwa kidogo, ile ya C1, sehemu nyingi hawakuajiri. Australia walianza usajili wa taifa zima Desemba 2018. Afrika Kusini, ambayo kwetu ndiyo ya karibu zaidi kwa mfano, digrii ni ya miaka 4 na ndani yake kuna uokoaji, yaani kumtoa mtu kwenye gari lililobondeka, kwenye majabali, kwenye maji. Nilipoisoma hiyo nikafikiria Mwanza yetu hii, majabali na maji vyote tunavyo. Marekani bado wengi wanapitia stashahada au cheti.

Na hii kazi sio ya zamani kama watu wanavyodhani. Mpaka miaka ya 1960 sehemu nyingi Marekani mgonjwa alibebwa na gari la polisi au gari la kampuni ya mazishi, lilelile la maiti. Pittsburgh mwaka 1967 wakachukuliwa vijana weusi, wengi hawakuwa na kazi, wakafundishwa kwa kina na daktari Peter Safar, mmoja wa waliotuletea huu utaratibu wa kupulizia pumzi na kukandamiza kifua, wakaitwa Freedom House, na ndio wanaohesabiwa kati ya paramediki wa kwanza kabisa duniani. Miaka hiyohiyo kule Belfast, Ireland ya Kaskazini, daktari Frank Pantridge akapakia mashine ya kushtua moyo kwenye ambulensi, ikiwa na uzito wa kama kilo 70, inatumia betri za gari. Wazo lilikuwa moja tu, kwamba mtu anakufa kabla hajafika hospitali, kwa hiyo hospitali itoke imfuate.

Turudi kwetu, Ziwa Victoria. Hapa kwetu usafiri wa dharura umesogea, tusiseme uongo. Ule mfumo wa m-mama, unapiga 115 bure, mjamzito au kichanga anatafutiwa gari, ikikosekana ambulensi anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 unavuka dakika chache, wakati zamani mgonjwa wa Sengerema alikuwa anasubiri kivuko kama wewe na mimi. Lakini gari likiwahi na nyuma hakuna mtu aliyesoma, mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaendelea kuvuja kwa spidi ya 80. Na visiwa bado ni visiwa. Ukara, Kome, Maisome, huko barabara ni maji. Sisi ni watu wa MV Bukoba, meli iliyozama 21 Mei 1996, karibu kila ukoo hapa una mtu wa kumtaja, na MV Nyerere pale Ukara 20 Septemba 2018 ikatuchukulia zaidi ya watu 200 karibu kabisa na gati. Siandiki kwamba paramediki wangewaokoa wote, meli ikipinduka hayo ni mambo makubwa kuliko begi la dawa. Naandika kwamba kila wiki wapo wanaozama mmoja mmoja, mvuvi, mtoto aliyeenda kuoga, hao hawaingii hata kwenye taarifa ya habari, na wengine wanatolewa majini bado dakika zipo.

Kwa anayetaka kuisoma: chukua PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, hizo mbili za mwisho usizichezee, jifunze kuogelea kama hujui na ushangae ni wangapi tumekulia hapa hatujui. Fungua mwongozo wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wa mwaka husika uangalie mwenyewe kozi za dharura zilizopo na sifa zake, usichukue neno la dalali wa vyuo. Ukienda nje, uliza kabla kama cheti hicho TCU watakitambua na baraza gani litakusajili ukirudi, kwa sababu digrii nzuri isiyo na baraza la kuipokea inakuacha umesimama mlangoni. Wengine wanazunguka kwa njia ya uuguzi au uafisa tabibu kwanza halafu wanabobea kwenye dharura, nayo ni njia halali, na idara za dharura zinawahitaji.

Baba mkubwa nilimrudia jana nyumbani, nikamweleza hayo kwa sauti ya utulivu. Alisikiliza hadi mwisho halafu hakuuliza ada wala mshahara, aliuliza, sasa mtu akitolewa majini hao wanaanzia wapi? Maana sisi tunamning'iniza kichwa chini tunamkamua tumbo maji yatoke. Nikamwambia hapana baba, maji ya mapafuni hayatoki hivyo, kinachotoka ni cha tumboni na kinaingia kwenye njia ya hewa, na ubongo bila hewa unaanza kuharibika ndani ya dakika nne tano. Mlaze chali pagumu, inua kidevu, kama hapumui aliyefundishwa anaanza na pumzi, mbili mpaka tano, kwa sababu aliyezama moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, halafu unakandamiza katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, unarudia, kasi ya 100 mpaka 120 kwa dakika, na mwingine awe ameshapiga simu. Mdogo wangu akaleta mto akauweka sakafuni, akamwambia baba mkubwa weka kiganja hapa, kingine juu yake, nyoosha mikono, zama sentimita tano. Mzee akavua kofia, akapiga magoti, akaanza kuhesabu kwa Kisukuma.