Chachu ya Asili Si Lazima Iume Ulimi

Jana mteja alinirudishia pizza nusu: "Hii si ya chachu ya asili. Mbona haina ukali wa uchachu?" Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi mno hapa Malindi, mji uliozoeana na Waitaliano na pizza zao kwa miongo.

Ukali hauthibitishi chachu. Unaonyesha muda na joto. Chachu ya asili ni unga na maji vilivyoachwa vichachuke bila hamira ya dukani; ndani ya kopo lake kuna hamira za mwituni na bakteria wanaotoa asidi. Ukiilisha chachu unga na maji kwa wakati, ukaitumia ikiwa imefura hadi kileleni, asidi huwa kidogo. Ukiisahau mpaka ishuke na kunuka siki, asidi hujaa, na gluteni, ile protini ya ngano inayoshikilia donge, hulegea. Utaona unaponyoosha donge: katikati panakuwa pembamba kama leso iliyofuliwa miaka, halafu panachanika hata nyanya hujaweka. Februari hapa, chachu niliyoilisha alfajiri hufika kileleni kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana nailisha mara tatu kwa siku, kwa maji ya friji.

Na Napoli kwenyewe, mji wa Italia wenye sifa ya pizza? Wazee walichanganya kipande cha donge la jana, wakakiita criscito. Associazione Verace Pizza Napoletana, chama cha kulinda pizza ya Napoli kilichoanzishwa 1984, kinakubali hamira ya kawaida na chachu ya asili pia. Kinachokazia ni tanuri lenye sakafu ya nyuzijoto 380 hadi 430 na kuba karibu 485, pizza iive kwa sekunde 60 hadi 90, ukingo uwe wa sentimita 1 au 2.

Kwa hiyo ukitafuta pizza ya Napoli ya chachu, bonyeza ukingo kwa kidole, uachie. Uinuke wenyewe. Umege: matundu yasilingane, na harufu iwe ya ngano na mtindi mwepesi. Kisha, na hili watu hawalifanyi, acha kipande kipoe dakika kumi. Donge lililoharakishwa kwa hamira nyingi hugeuka mpira. La chachu hubaki laini.

Nasema kipoe kwa sababu donge la hamira kidogo lililolala saa 24, likitoka tanurini moto, mara nyingi hata ulimi wangu haulitofautishi na la chachu. Na nimekuwa kwenye kazi hii miaka.

Mteja wa jana akirudi nitamfungulia kopo. Anuse kabla sijalilisha, kisha anuse tena baada ya saa mbili.