Risiti za Dukani Hazirudishi Kodi Kanada: Maelezo kwa Wageni na Wahamiaji Wapya

Bahasha ya kwanza wiki hii ilikuwa ya kaki, imefungwa kwa mpira. Ndani yake mlikuwa na risiti za miezi mitatu: mabuti ya baridi, masufuria, simu, magodoro mawili. Mwenyewe alikuwa amezipanga kwa tarehe, kazi safi kabisa, na alitaka tumwelekeze kaunta ya kurudishiwa kodi ilipo.

Hiyo kaunta haipo.

Ninaandika kwa sababu swali hili limekuwa la kila siku hapa dawatini kwetu Ontario, na anayeuliza mara nyingi amechanganya mambo mawili yasiyohusiana. Moja ni marejesho ya kodi kwa mgeni anayeondoka nchini, ambayo Kanada iliyafuta zamani. La pili ni malipo ya GST (kodi ya serikali kuu ya bidhaa na huduma) kwa mkazi mwenye kipato kidogo au cha kati, ambayo yapo, na ambayo wahamiaji wapya wengi hawayaombi kwa wakati. La kwanza watu wanalitafuta hadi uwanja wa ndege. La pili linawapita wakiwa nyumbani.

Nianze na wageni, maana kwao maelezo ni mafupi. Kanada ilianza kutoza GST tarehe 1 Januari 1991 kwa asilimia 7, na kwa miaka mingi mtalii aliweza kudai sehemu ya kodi aliyolipa kwa bidhaa alizotoka nazo nchini na kwa malazi ya muda mfupi. Mpango huo ulifutwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2007. Haukupunguzwa wala kuhamishiwa ofisi nyingine, ulifutwa. Kwa hiyo mama aliyekuja kwenye mahafali ya mwanawe, au shangazi aliyekuja arusini, akinunua koti hapa Ontario atalipa HST, yaani GST na kodi ya jimbo zikiwa pamoja, ya asilimia 13 na hatarudishiwa hata senti, awe na risiti au asiwe nazo. Akinunua Alberta atalipa asilimia 5 tu, kwa kuwa jimbo hilo halitozi kodi yake ya mauzo. Huo ndio unafuu pekee ninaoweza kumwonyesha, na nauli ya kufika huko ataijua mwenyewe.

Najua dhana hii inatoka wapi. Wengi wetu tumepita Dubai, na Falme za Kiarabu zina utaratibu wa kumrudishia mtalii VAT, kodi ya ongezeko la thamani, anapoondoka. Nchi za Umoja wa Ulaya nazo zina utaratibu kama huo kwa wanaoishi nje ya umoja. Lakini kila nchi ina sheria yake. Uingereza yenyewe iliacha kuwarudishia wageni VAT ya bidhaa wanazobeba kuanzia Januari 2021, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Tunaambiwa pia, kila mara kwa uhakika mkubwa, kwamba binamu wa fulani alirudishiwa kodi hapa hapa Toronto. Inawezekana. Kama ilikuwa 2006, inawezekana sana.

Yapo mambo matatu yanayofanana na marejesho, na yamewachanganya watu. Mosi, duka lenyewe likituma bidhaa hadi nje ya Kanada kwa posta au kwa msafirishaji, mauzo hayo kwa kawaida hayatozwi GST. Ila ni duka linalotuma. Ukitoka nayo mkononi na kuituma mwenyewe, kodi umeshalipa. Pili, maduka yasiyotoza ushuru ya uwanja wa ndege na mpakani huuza bila kodi kwa anayeondoka, lakini hayarudishi kodi ya vitu ulivyonunua mjini. Tatu, mfanyabiashara asiye mkazi anayenunua bidhaa kwa ajili ya biashara nje ya Kanada anaweza kudai GST kwa fomu namba GST189, mradi bidhaa zimetoka nchini ndani ya siku 60 tangu alipokabidhiwa na ana ushahidi kwamba zimetoka. Mtu anayebeba simu tatu za zawadi si mfanyabiashara kwa maana hiyo. Tafadhali msituletee hoja hiyo.

Sasa wahamiaji wapya. Malipo ya GST hayahusiani na ulichonunua. Mamlaka ya Mapato ya Kanada, CRA, haihitaji kuona risiti hata moja, haijui kama ulinunua godoro, na haitauliza. Inaangalia kama wewe ni mkazi kwa mujibu wa kodi, umri wako (kwa kawaida miaka 19 na kuendelea, au chini ya hapo kama una mwenzi au ni mzazi unayeishi na mtoto wako), hali yako ya ndoa, watoto wako walio chini ya miaka 19, na mapato ya familia. Basi. Ukazi hapa si lazima uwe na kadi ya ukazi wa kudumu. Mwanafunzi mwenye kibali cha masomo na mfanyakazi mwenye kibali cha kazi, wakiwa wamejenga maisha yao hapa, yaani nyumba, familia, akaunti ya benki, kadi ya afya, wanaweza kuwa wakazi kwa mujibu wa kodi. Wazazi waliokuja kwa viza ndefu ya kutembelea watoto ni suala jingine, na nisingependa mtu ajiamulie kwa kusoma makala. CRA ina fomu ya NR74 ya kuomba uamuzi kuhusu ukazi. Njoo uulize kwanza.

Kwa mzunguko wa Julai 2025 hadi Juni 2026, kiwango cha juu ni dola 533 kwa mwaka kwa mtu aliye peke yake, dola 698 kwa wanandoa, na dola 184 kwa kila mtoto. Hulipwa kwa awamu nne: Julai, Oktoba, Januari na Aprili, tarehe 5 au siku chache kabla ikiangukia mwisho wa wiki. Baba, mama na watoto wawili wenye kipato kidogo wanapata dola 1,066 kwa mwaka, yaani dola 266 na senti 50 kila awamu. Hizo ni fedha za chakula, na hazikatwi kodi.

Hapa kuna lalamiko tunalolisikia sana: "Mwenzangu tumekuja naye ndege moja, yeye kapata zaidi." Kama wote wawili hamjaoa wala kuolewa na hamna watoto, basi sababu huenda ni hii. Katika zile dola 533, dola 349 ndizo za msingi. Dola 184 zilizobaki ni nyongeza ya mtu aliye peke yake, nayo haitolewi kwa asiye na mapato. Huanza mapato ya mwaka yanapozidi takriban dola 11,000 na kupanda kidogo kidogo. Ndiyo, asiye na kitu anapata pungufu ya mwenye kidogo. Sheria hiyo sikuitunga mimi. Upande wa juu, mapato ya familia yakizidi takriban dola 45,000, malipo hupungua kwa senti 5 kwa kila dola iliyozidi, mpaka yaishe.

Fomu ndiyo inayowaangusha watu. Mhamiaji mpya asiye na watoto anajaza RC151. Mwenye watoto anajaza RC66 pamoja na kiambatisho chake RC66SCH, na hiyo hiyo ndiyo inayoomba malipo ya mtoto (Canada Child Benefit), kwa hiyo hahitaji kuongeza RC151 juu yake. Hujaza mara moja tu, mwaka aliofika. Huna haja ya kusubiri msimu wa ritani, yaani taarifa ya mapato ya mwaka inayopelekwa CRA. Narudia, kwa sababu kuna watu walioshauriwa na jirani wasubiri mwezi wa nne: ukifika Agosti, unajaza Agosti, ukishapata SIN, namba yako ya utambulisho kwa kazi na kodi. Anayesubiri Aprili ameshaacha awamu ya Oktoba na ya Januari zipite bila kuziona.

Kisanduku kinachorudisha fomu nyingi ni cha mapato ya kabla ya kuja. Fomu inauliza ulipata kiasi gani, popote duniani, katika vipindi ulipokuwa bado si mkazi wa Kanada. Watu wanaruka hapo. Wengine wanaogopa kwamba CRA itawatoza kodi ya mshahara wa Bujumbura au wa Goma. Haitatoza, mapato ya kabla hujawa mkazi yanatumika kukokotoa malipo tu. Kama hukuwa na mapato, andika 0. Usiache wazi. Nafasi iliyo wazi si sifuri, ni swali lisilojibiwa, na swali lisilojibiwa linazaa barua, na barua inakuja kwa anwani uliyohama miezi miwili iliyopita. Kwa aliyeishi kambini miaka mingi, jibu mara nyingi ni hilo hilo 0, na hakuna aibu wala hila ndani yake. Kama alikuwa na kioski au kibarua humo kambini, aandike makadirio ya haki.

Sahihi pia. Fomu isiyo na sahihi inarudi. Mtoto aliyezaliwa nje ya Kanada anahitaji uthibitisho wa kuzaliwa kuambatanishwa na RC66. Nakala, si karatasi ya asili, maana hizo karatasi wengi wetu tunazo moja tu na haziwezi kutolewa tena. Namba ya SIN inayoanza na 9 ina tarehe ya kuisha, sawa na kibali chako. Kibali kikihuishwa, ihuishe na SIN.

Wanandoa hupata malipo kupitia mmoja wao tu. Mume akilipwa, mke halipwi, na kiasi ni kile kile. Mkiishi pamoja kama mke na mume kwa miezi 12 mfululizo, kwa CRA ninyi ni wanandoa hata kama mahari haijatolewa na wazee hawajakaa. Hali ikibadilika, iwe ndoa, talaka, kifo au kutengana kwa siku 90 na zaidi, wajulishe CRA kabla ya mwisho wa mwezi unaofuata, kwa fomu RC65 au kupitia akaunti ya mtandaoni. Anayejiandikisha yuko peke yake huku anaishi na mwenzi anajitengenezea deni. CRA ikigundua, haileti polisi mlangoni, inazuia malipo yajayo mpaka ilichozidisha kiishe. Ikithibitika kwamba alidanganya kwa makusudi au kwa uzembe mkubwa, faini huweza kufikia asilimia 50 ya kiasi kilichohusika, na haipungui dola 100.

Baada ya mwaka wa kwanza hakuna fomu tena, kuna ritani. Kila mwaka, kabla ya tarehe 30 Aprili, hata kama hukufanya kazi siku moja. Mwenzi naye apeleke yake. Usipopeleka, malipo ya GST yanasimama Julai inayofuata, na ya mtoto vilevile. Wengi wanaokuja wakilia kwamba "serikali imekata hela" hawajakatwa chochote, hawakupeleka ritani.

Kuhusu faini, watu wanaogopa pasipostahili na kupuuza panapostahili. Kama huna kodi unayodaiwa, kuchelewesha ritani hakuna faini; kunakukosesha malipo tu. Kama unadaiwa, ni asilimia 5 ya deni papo hapo, kisha asilimia 1 kwa kila mwezi kamili wa kuchelewa, hadi miezi 12. Mfano: dereva wa kujitegemea anadaiwa dola 2,000 na amechelewa miezi mitatu. Asilimia 5 ni dola 100, asilimia 3 ni dola 60, jumla faini dola 160, mbali na riba inayopigwa kila siku juu ya riba. Akirudia kosa miaka inayofuata, viwango vinaweza kuwa asilimia 10 na asilimia 2 kwa mwezi, hadi miezi 20. Aliyejiajiri ana hadi tarehe 15 Juni kupeleka ritani, lakini deni lenyewe linahesabiwa riba tangu tarehe 30 Aprili. Hili la pili wanalisahau kila mwaka. Kila mwaka.

Nimalizie na ujumbe wa simu. CRA haitumi kiungo cha kubofya ili upokee malipo ya GST, na haidai deni kwa kadi za zawadi wala sarafu za mtandao. Malipo huingia benki moja kwa moja ukijiandikisha, au huja kwa hundi. Na hakuna sababu ya kumlipa wakala asilimia fulani ya malipo yako ili akujazie kurasa chache. Chini ya mpango wa kujitolea wa CRA, vituo vingi vya jamii huandaa ritani bure kwa wenye kipato kidogo, hasa Machi na Aprili.

Ukija dawatini, leta karatasi yenye namba ya SIN, kibali chako au kadi ya ukazi, tarehe kamili uliyoingia Kanada, namba za akaunti ya benki, na karatasi uliyoandika mapato yako ya kabla ya kuja, mwaka kwa mwaka. Kama yalikuwa faranga au shilingi, yaandike hivyo hivyo kwa faranga au shilingi. Kuyageuza kuwa dola tutafanya pamoja.