Uantisemiti haupimwi kwa nasaba

Juzi baada ya alasiri, pale Mkunguni, mwenye duka mmoja alikataa kupunguza bei ya nyavu, na mzee aliyekuwa akinunua akamwita "Myahudi". Nikamwambia kwamba hilo ni neno la chuki. Akanijibu: "Mwanangu, babu yangu alitoka Hadhramaut, Uarabuni. Sisi wenyewe ni Wasemiti, vipi tutawachukia Wasemiti?" Jibu hilo nimelisikia Lamu mara nyingi mno.

Uantisemiti ni kuwachukia Wayahudi kwa kuwa ni Wayahudi. Maana yake ni hiyo tu.

Kinachowapoteza watu ni jina. "Wasemiti" latokana na Sam, mwana wa Nabii Nuhu. Mwaka 1781 mwanachuoni wa Kijerumani, August Ludwig von Schlözer, alilitumia kwa jamii ya lugha zenye udugu, kama Kiarabu na Kiebrania. Lakini aliyelieneza neno la uantisemiti ni Wilhelm Marr, Mjerumani pia, aliyeunda chama cha kuwapinga Wayahudi mwaka 1879. Chuki ya kale ilikuwa ya dini. Yeye aliitaka ya damu, na jina lenye sura ya elimu lilimfaa. Waarabu hawakuwa katika hesabu yake. Kwa hivyo asili ya Hadhramaut haimkingi mtu na chuki hii.

Na kwa nini tusi lenyewe huzuka kwenye bei? Ulaya ya zamani, Kanisa liliwakataza Wakristo kula riba, na Wayahudi katika nchi nyingi wakanyimwa ardhi na kufungiwa vyama vya mafundi. Wengi wakabaki na kukopesha na kuchuuza, kisha wakachukiwa kwa kazi hiyo hiyo. Uingereza iliwafukuza mwaka 1290. Masoko ya hisa yalipoanguka mwaka 1873, wako waandishi wa Kijerumani waliowabebesha Wayahudi lawama za hasara na za biashara huria pia.

Kwetu biashara ni heshima. Mji huu umeishi kwa jahazi za kaskazi na kusi, na Mtume mwenyewe alifanya biashara. Hata hivyo neno "bepari", ambalo kwa Wagujarati ni mfanyabiashara tu, tumeligeuza la kumtukania mtu. Na mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, wengi wao wenye maduka, akisema wanaukamua uchumi.

Mzee wangu, kwa heshima: mwenye duka akikataa kupunguza, mwite mkono wa birika.