Tiba mtandao kwa waraibu wa heroini: maana yake na mipaka yake

Tiba mtandao ni utaratibu wa kutoa huduma ya afya wakati mgonjwa na mtoa huduma hawako mahali pamoja, bali wanaunganishwa kwa simu ya sauti, simu ya picha au ujumbe. Katika matibabu ya uraibu wa afyuni, ambao hapa Zanzibar tunaujua zaidi kwa sura ya heroini, yaani unga, dhana hii inamaanisha kwamba daktari anaweza kumchunguza mraibu aliye kijijini, kumwandikia dawa na kumfuatilia bila ya kumwita mjini kila mara. Wengi hudhani kuwa kinachokosekana ni simu nzuri na bando la kutosha, lakini kwa maoni yangu kikwazo kikubwa ni dawa yenyewe na masharti ya kuitumia.

Dawa iliyozoeleka kwetu ni methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na katika hospitali ya Kidongo Chekundu, mjini Zanzibar, mwaka 2015. Kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mtoa dawa: mgonjwa hufika dirishani, hutambuliwa, hupimiwa dawa ya maji katika kikombe, huinywa, kisha husemeshwa ili ihakikishwe kuwa amemeza. Sharti hilo lina sababu, kwani dozi inayomtuliza mtu aliyezoea inaweza kusimamisha pumzi za mtoto, au za mtu mzima ambaye mwili wake haujazoea. Hata hivyo, kwa mkaazi wa Nungwi, sharti hilo maana yake ni daladala ya kwenda na kurudi kila siku, sikukuu ya Idi ikiwamo, na kwa wa Tumbatu safari huanza kwa mashua hadi Mkokotoni. Hakuna simu inayoweza kukifikisha kikombe hicho Tumbatu.

UVIKO-19 ulipotangazwa kuwa janga la dunia mwezi Machi 2020, foleni ya dirishani ikageuka kuwa hatari. Marekani, nchi yenye maeneo mengi ya mashamba yasiyo na daktari wa uraibu hata mmoja, ililegeza masharti mwezi huohuo. Sheria yake ya mwaka 2008 ilikuwa ikimtaka daktari amwone mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia dawa zinazodhibitiwa kupitia mtandao. Sasa ikaruhusiwa kuanza buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huu, kwa simu, hata ya sauti pekee. Waliokuwa wakitumia methadoni na hali zao zimetulia waliweza kupewa dozi za hadi siku 28 wakae nazo nyumbani, na wasiotulia vyema za hadi siku 14, lakini aliyetaka kuianza methadoni alibaki kulazimika kufika kliniki.

Tofauti hiyo inatokana na namna dawa hizi mbili zinavyofanya kazi mwilini. Buprenofini hutuliza arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga, kama methadoni, ila athari yake kwenye upumuaji hufika kikomo hata dozi ikiongezwa, ingawa ikichanganywa na pombe au dawa za usingizi hatari inarudi palepale. Ugumu wake uko mwanzoni: kidonge huwekwa chini ya ulimi baada ya arosto kuanza, kwa kawaida saa 12 au zaidi tangu heroini ya mwisho, kwani kikiwahishwa huiondoa heroini mahali pake kwa ghafla na kumtia mtu katika arosto kali kuliko aliyokuwa akiikimbia. Kwa hiyo daktari wa simuni huuliza saa ya mara ya mwisho, kisha hutazama miayo, machozi, mafua, vinyweleo vilivyosimama na mboni zilizopanuka. Kipimo cha arosto kinachotumika sana kina dalili 11, na nyingi kati yake huonekana au huelezeka kwa mbali. Mapigo ya moyo ndiyo yanayohitaji mkono wa mtu, na hapo jamaa aliye karibu anaweza kuelekezwa namna ya kuyahesabu.

Jambo la faragha halihitaji maelezo marefu kwa anayejua nyumba zetu, ambamo simu moja hupita mikononi mwa watu wengi. Kwa mwanamke anayetumia unga kwa siri, mazungumzo ya nusu saa na daktari, huku mawifi wako ukumbini, ni magumu kuliko safari ya mjini.

Hata panapotolewa methadoni peke yake, simu ina kazi yake. Mgonjwa anayekosa dozi siku kadhaa mfululizo huanza kupoteza ule uzoefu wa mwili, na akirudishiwa kiasi kilekile cha mwanzo, au akarejea kwenye unga kwa kipimo chake cha zamani, anaweza kufa. Muuguzi anayempigia siku ya kwanza tu asipoonekana dirishani, akauliza kama ni homa, nauli au bahari chafu, bado ana nafasi ya kumrudisha kabla dozi yake haijalazimika kuanzwa upya kutoka chini.