Si Kila Mbwa Anayekuna Kola Ana Mzio

Kauli kwamba mbwa fulani "ana mzio wa kola" imezoeleka kiasi kwamba sasa inatolewa kwa mbwa yeyote anayeinua mguu wa nyuma na kuukuna mkanda wa shingoni mwake. Mtoto wa mbwa aliyevishwa kola kwa mara ya kwanza asubuhi ya leo, mbwa aliyetoka kuogelea na bado hajakauka, mbwa mzee ambaye masikio yake yameanza kunuka: wote huambiwa kuwa wana mzio. Muuzaji wa kola huikubali kauli hiyo upesi kwa sababu tiba yake ni kola nyingine, na mwenye mbwa huikubali kwa sababu inampunguzia lawama, kwani mzio hauna mkosaji, ilhali kola iliyokazwa kupita kiasi ina mtu aliyeikaza.

Mzio ni hali ambamo mfumo wa kinga wa mwili umejifunza kukitambua kama adui kitu ambacho kwa wengine hakina madhara, ukakiwekea kumbukumbu, na kila kinaporudi ukakiitikia kwa uvimbe, wekundu na mwasho. Maelezo hayo yanabebwa na maneno mawili, kujifunza na kumbukumbu, nayo ndiyo yanayosahaulika mara nyingi zaidi. Aliyeiundia hali hii jina la kitabibu, lile ambalo kwa kawaida tunalitamka aleji, ni Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, mwaka 1906, kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja likiwa na maana ya "nyingine" na la pili "kazi" au "utendaji". Yeye na mwenzake Béla Schick walikuwa wameona kwamba baadhi ya watoto waliochomwa sindano ya serumu iliyotokana na damu ya farasi waliugua, na kwamba waliochomwa kwa mara ya pili waliugua mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko mara ya kwanza. Serumu ilikuwa ileile. Kilichokuwa kimebadilika ni mwili uliokutana nayo. Badiliko hilo ndilo von Pirquet alilolitafutia jina, wala hakukusudia kuutaja wekundu wa ngozi au ukali wa kitu kilichoigusa.

Ukilishika hilo, nusu ya madai ya mzio wa kola yanaanguka yenyewe. Mbwa aliyevishwa kola ya aina mpya kabisa leo na kuanza kujikuna leo hawezi kuwa na mzio nayo, kwa sababu mwili wake haujapata muda wa kujifunza chochote kuhusu kola hiyo, labda awe amewahi kukutana na kitu hichohicho mahali pengine. Mzio wa kugusana ni wa aina ya kuchelewa, ambao katika mpangilio wa aina za mzio uliotolewa na wataalamu wa kinga Gell na Coombs mwaka 1963 ndio aina ya nne. Chembe ndogo za metali ya nikeli, za rangi au za dawa iliyotumika kutengeneza ngozi hupenya tabaka la juu la ngozi ya mbwa na kushikamana na protini zake. Seli za ulinzi huzibeba hadi kwenye tezi za limfu na kuzionyesha kwa seli T, ambazo ni aina ya seli nyeupe za damu za mfumo wa kinga, na miongoni mwa seli T hizo baadhi hubaki zikiwa na kumbukumbu. Mafunzo hayo huchukua kuanzia wiki moja au mbili, na mara nyingi miezi au hata miaka, na katika muda huo wote mbwa huvaa kola yake bila dalili yoyote. Hata baada ya kumbukumbu kukamilika, mwitikio hauji papo hapo, bali hujitokeza baada ya siku moja hadi tatu tangu ngozi iguswe. Kwa hiyo, kinyume cha watu wanavyodhani, kola ambayo mbwa ameivaa kwa miaka miwili bila taabu ndiyo inayoweza kushukiwa kwa mzio, na ile mpya ya leo inapaswa kutafutiwa kosa la namna nyingine.

Kosa hilo la namna nyingine ndilo linaloitwa mwasho wa kugusana, na hapa ndipo maneno mawili yanapochanganywa bila sababu. Mwasho wa kugusana hauhitaji kumbukumbu wala kujifunza. Ni ngozi kuumizwa moja kwa moja, ama kwa kusuguliwa, ama kwa kuloweshwa, ama kwa kemikali, na unaweza kumpata mbwa yeyote ikiwa atasuguliwa au kuloweshwa vya kutosha. Fikiria kola pana ya nailoni iliyolowa maji. Nje inaonekana imekauka, lakini upande unaogusa manyoya bado una unyevu, na manyoya ya chini, yale mafupi na laini, yamelala yakiwa yamegandana. Mbwa anapogeuza kichwa, ukingo wa kola unayarudisha nyuma manyoya hayo na kuyakwangua mahali palepale. Tabaka la juu la ngozi hulainika, hupasuka pasipoonekana, kisha bakteria ambao siku zote huishi juu ya ngozi ya mbwa bila kumdhuru, hasa Staphylococcus pseudintermedius, hupata njia ya kuingia. Mbwa huanza kukuna, kukuna huongeza kidonda, na ndani ya saa chache panaweza kutokea eneo jekundu, lenye majimaji na lenye kuuma, ambalo jana halikuwapo. Kasi hiyo huwatisha watu, nao husema kwamba bila shaka ni mzio kwa kuwa limetokea ghafla, wakati mzio wa kugusana ndio usiokuwa na haraka.

Mikanda yenye dawa ya kuua viroboto na kupe nayo huingizwa katika fungu moja na mingine, ingawa inastahili kutazamwa peke yake. Dawa iliyomo hutoka kidogokidogo na kusambaa juu ya ngozi na manyoya, na kwa baadhi ya mbwa huunguza sehemu inayoguswa na mkanda, hasa ukiwa umekazwa sana. Huo kwa kawaida ni mwasho wa kemikali, na haumaanishi kwamba mwili wa mbwa huyo una ugomvi na kola kwa jumla. Atavaa mkanda wa kawaida kesho, ngozi ikishapona, bila shida.

Tofauti kati ya hali hizi mbili mara nyingine inaweza kuonekana kwa macho, iwapo mtu ataivua kola na kuyatenganisha manyoya kwa vidole badala ya kutazama kwa mbali. Mkwaruzo wa kusuguana huwa na umbo la mkanda wenyewe, nao huzidi mahali ambapo kola inaegemea, aghalabu chini ya koo, ambapo uzito wa kamba na wa vibati vya jina huvuta. Manyoya huwa yamekatika, yakabaki visiki vifupi, na ngozi inaweza kuwa imebadilika rangi na kuwa nene. Mzio wa nikeli, kwa upande mwingine, huwa na adabu ya kukaa karibu na chuma: duara au pembe nne chini ya bizimu na chini ya pete ya kufungia kamba, huku sehemu iliyoguswa na kitambaa ikiwa salama. Kola ya ngozi iliyodabighiwa kwa chumvi za kromiamu, au yenye rangi inayochuja, inaweza kuleta mzio unaozunguka shingo yote, na hapo umbo pekee halitoshi kuamua. Daktari wa wanyama atalazimika kuchukua chembe za juu ya ngozi na kuzitazama kwa hadubini ili aone kama kuna bakteria au hamira ya Malassezia, kwa sababu hao wageni wawili huweza kuiga karibu kila kitu.

Ifahamike pia kwamba mzio wa kweli wa kugusana si jambo la kawaida kwa mbwa. Manyoya humkinga, na kwa sababu hiyo mbwa wachache wanaoupata huonyesha dalili zaidi kwenye tumbo, kwenye makwapa, katikati ya vidole na sehemu nyingine zenye manyoya haba kuliko shingoni. Wengi tunaoisema kauli hii tumeikopa kutoka kwetu wenyewe, kwa kuwa binadamu wengi hupata upele wa nikeli kutokana na hereni na vifungo vya suruali, na tumemvisha mbwa ugonjwa wetu bila kumuuliza kama unamtosha.

Hata hivyo, kuna mbwa wanaokuna kola na ambao kweli wana mzio, ila si wa kola. Mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto hujikuna hasa kiunoni na chini ya mkia, lakini shingo pia haisalimiki. Mbwa mwenye mzio wa utitiri wa vumbi la nyumbani au wa chavua, hali ambayo kwa kawaida huanza akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na miaka 3, huwashwa usoni, masikioni, miguuni na kifuani kuelekea kooni. Kwa mbwa huyo kola ni kitu kinachokutwa tu njiani na kucha. Mwenye mbwa akiivua ataona nafuu kidogo, kwa sababu ngozi inayowashwa tayari haipendi kusuguliwa na chochote, kisha baada ya siku chache mwasho utaendelea kana kwamba hakuna kilichofanyika.

Sikio ndilo linalosingizia kola kuliko kiungo kingine chochote. Mbwa mwenye uambukizo wa sikio huinua mguu wa nyuma akilenga nyuma ya sikio, lakini mguu hauna shabaha nzuri, na ukiteleza kwa upana wa vidole vitatu tu unaangukia kwenye kola. Anayesikiliza kutoka chumba kingine husikia vibati vikilia, na kutokana na mlio huo huhitimisha kwamba kola ndiyo yenye tatizo. Kabla ya kuvua kola, inua sikio na ulinuse. Harufu kali na nta ya rangi ya kahawia vitakueleza mengi kuliko bizimu.

Tena wapo mbwa wanaokuna kola bila ngozi yao kuwa na ugonjwa wowote. Charles Sherrington, mwanafiziolojia wa Uingereza aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alionyesha mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba kujikuna kwa mbwa ni tendo ambalo uti wa mgongo unaweza kuliendesha bila ubongo kuliamuru, na kwamba kusugua kidogo ngozi ya mgongoni na mabegani, au kuvuta manyoya yake kwa wepesi, kunatosha kulianzisha. Kola mpya inayopinda manyoya kila mbwa anapotembea hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto wa mbwa hujikuna, husimama, huketi na kujikuna tena, na baada ya siku kadhaa mwili wake huacha kuihesabu kola kuwa habari. Wengine hujikuna wakiwa na mashaka: mbwa aliyeitwa huku akitamani kubaki anaponusa huketi ghafla na kukuna kola, kisha akaja. Nikolaas Tinbergen, mtaalamu wa tabia za wanyama aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, ni mmoja wa walioeleza matendo ya namna hiyo, ambayo mnyama aliyevutwa na misukumo miwili huyafanya badala ya kuufuata mmojawapo. Hapo hakuna kinachowasha.

Na kuna hali moja ambayo haipaswi kuchezewa. Mbwa wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel huzaliwa mara nyingi wakiwa na fuvu la nyuma lisilotosha ubongo wao, na baadhi yao hupata mashimo yenye majimaji ndani ya uti wa mgongo. Mbwa wa namna hiyo anaweza kukuna hewa karibu na shingo au bega, mara nyingi upande mmoja tu, hasa akiwa anatembezwa kwa kamba au akisisimka, na mguu hauigusi ngozi kabisa. Kumbadilishia kola kutoka nailoni hadi ngozi hakumsaidii. Anahitaji kuonwa na daktari, na wakati huo avae mkanda wa kifuani usiogusa shingo.

Hoja inayorudiwa zaidi ni kwamba mbwa alivuliwa kola akapona, kwa hiyo alikuwa na mzio. Kupona huko kunathibitisha kwamba kola ilihusika, lakini ngozi iliyosuguliwa nayo hupona kisuguo kikiondolewa, sawa na ile yenye mzio. Anayesema tu kwamba kola inamwasha mbwa wake amesema kweli, wala halazimiki kuongeza lolote. Anayetaka kulitumia neno mzio aache ngozi ipone kabisa, kisha, daktari asipokataza, amvishe kola ileile ikiwa imeoshwa, imesuuzwa vizuri, imekauka pande zote mbili, na imelegezwa kiasi cha vidole viwili kupita chini yake bila kulazimishwa. Shingo ikibaki salama kwa wiki nzima, kilichomsumbua kilikuwa maji, sabuni au mkono uliokaza. Ikiwa baada ya siku moja hadi tatu wekundu utarudi, na kurudi palepale penye chuma, hapo neno hilo limepata haki yake, na kitakachofuata ni kumtafutia kola yenye kifungio cha plastiki.