Bourbon si ya Kentucky peke yake

Wengi huamini kwamba wiski haiwezi kuitwa bourbon isipokuwa imetengenezwa katika jimbo la Kentucky, Marekani. Si kweli. Azimio la Bunge la Marekani la mwaka 1964 liliitambua kuwa kinywaji cha Marekani nzima, na sheria hudai, pamoja na masharti mengine, kwamba angalau asilimia 51 ya nafaka yake iwe mahindi na kwamba wiski yenyewe ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyounguzwa ndani. Ndiyo maana kiwanda kidogo cha Tuthilltown, kilichoko Gardiner katika jimbo la New York, kiliweza kutengeneza bourbon halali kwa mahindi yaliyolimwa katika jimbo hilohilo.

Anayeionja asiinywe kwa pupa. Avute harufu yake mdomo ukiwa wazi kidogo, kwani pua iliyozamishwa ndani ya glasi huchomwa na kileo tu. Kisha aongeze matone mawili matatu ya maji, atulie, na atafute chini ya harufu ya vanila, ambayo hutoka kwenye mbao za pipa, ule utamu wa mahindi yenyewe, ambao kwangu ndio wenye thamani kuliko yote.