Kwa nini mgonjwa wa kansa ya mapafu anaambiwa afanye mazoezi kabla ya operesheni?

Baba yangu mdogo anaishi Mtwivila, Iringa. Alipokutwa na uvimbe kwenye pafu la kulia na madaktari wakasema utatolewa kwa operesheni Dar, ukoo mzima tulikubaliana mzee apumzike. Haendi shamba, habebi ndoo, dukani anatumwa mtoto, yeye akae juani na blanketi lake anywe uji wa ulezi atunze nguvu. Mimi ndo nilikuwa mkali kuliko wote. Alafu mtu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, akasema mzee atembee kila siku, tena haraka haraka mpaka aheme! Nilikasirika kweli, mtu anaumwa mapafu unamhemesha ili iweje?

Nilikuwa nimekosea, na nimekosea mara mbili.

Kosa la kwanza ni kudhani nguvu zinawekwa akiba kama mahindi kwenye kihenge. Mahindi ukiyaacha yanakukuta pale pale, lakini misuli isipotumika mwili unaanza kuila. Kuna utafiti wa Marekani wa 2007 ambapo wazee wazima kabisa, hawana ugonjwa, walilazwa tu kitandani siku 10, na miguu yao ikapoteza karibu kilo 1 ya nyama. Siku 10 tu! Sasa chukua mzee mwenye kansa, hamu ya kula imepungua, umkalishe wiki tatu akisubiri tarehe, utampeleka kwa daktari wa upasuaji akiwa dhaifu kuliko siku alipogundulika, na wewe unaamini umemtunza.

Kosa la pili ndo gumu zaidi, maana hata baada ya kukubali mazoezi nilidhani yanapanua mapafu. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini ni rahisi kuamini hivyo, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, watoto wanapanda vilima kwenda shule, na utasikia watu wakisema sisi wa milimani tuna mapafu makubwa. Ila pafu la mtu mzima haliongezeki ukubwa kwa wiki tatu za kutembea, na lile lenye uvimbe ndo kabisa. Kinachobadilika kipo sehemu nyingine.

Fikiria jiko la kuni la nyumbani lenye madirisha matano, matatu upande wa kulia na mawili kushoto. Ndivyo mapafu yalivyo, la kulia lina sehemu 3 na la kushoto 2, na mara nyingi operesheni inatoa sehemu moja nzima, yaani dirisha moja linazibwa moja kwa moja. Sasa humo ndani kunapikwa na kuni mbichi. Moshi unajaa, macho yanawasha, madirisha manne hayatoshi. Hizo kuni mbichi ni misuli isiyozoea kazi, ambayo ukiinuka tu kupanda kimlima inashindwa kutumia oksijeni vizuri, inazalisha asidi, asidi inaongeza hewa chafu ya kaboni kwenye damu na hiyo yote lazima itolewe na mapafu, ndo maana unahema. Mazoezi hayafungui dirisha la sita, yanakausha kuni. Vimishipa vidogo vya damu vinaongezeka kwenye misuli, mitokondria, yaani vile vitu vidogo ndani ya seli vinavyochoma chakula kama majiko, vinaongezeka pia, na moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Chakula ni kile kile ila moshi umepungua, na madirisha manne yanatosha.

Kuna na jambo la makohozi. Baada ya operesheni kifua kinauma, mtu anaogopa kukohoa, makohozi yanatuama na nimonia inaingia. Mwenye misuli ya kupumulia iliyozoezwa anakohoa kwa nguvu zaidi.

Je, imethibitishwa? Mwaka 2022 jopo la Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, lilikusanya tafiti 10 zenye wagonjwa 636, na waliofanya mazoezi kabla walipata matatizo ya mapafu baada ya operesheni pungufu kwa kama asilimia 55, wakatoka hospitali mapema kwa siku 2 hivi. Ni matokeo makubwa lakini tafiti zenyewe ni ndogo ndogo, na hazijaonyesha kwamba mtu anaishi miaka mingi zaidi, kwa hiyo anayekuambia mazoezi yanatibu kansa usimsikilize.

Programu zenyewe ni fupi, nyingi ni wiki moja mpaka nne, kwa sababu uvimbe hausubiri na operesheni haifai kusogezwa ili mtu apate kufanya mazoezi. Ni kutembea haraka au baiskeli ya mazoezi isiyotoka pale ilipo, mazoezi ya misuli, na kuvuta pumzi kwenye kifaa chenye ukinzani, yaani kinachoibana hewa ili uvute kwa nguvu. Zipangwe na wataalamu baada ya kumpima mgonjwa, mfano kumtembeza dakika 6 kwenye koridoo, na akianza kukohoa damu au kifua kikabana anaacha hapo hapo anarudi kwa daktari.

Baba mdogo alianzia barabara ya tambarare kuelekea Kihesa asubuhi jua likishapasha, mimi pembeni nimebeba maji na sweta lake. Kule Dar walimwinua kitandani kesho yake tu, akatembea koridoni na mpira wa kutolea maji kifuani ukiwa bado haujatolewa, na safari hii sikugombana na mtu.